Nishani na Kumbukumbu za Ndugu Waliokufa Vitani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kasha la bati lenye nyota moja ya shaba, nishani mbili za mviringo na barua moja iliyochakaa kwenye mikunjo. Ndivyo vitu pekee vilivyorudi nyumbani vya kaka zake wawili waliochukuliwa na jeshi la Keya. Tangu nilipoanza kuuliza habari za kasha lile, watu wengi wamenijia na makasha yao, na maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa, kuanzia yale mepesi hadi yale yanayotuumiza kichwa.

## Mambo ya msingi

Mnaposema "ndugu" mna maana gani hasa?

Hapa tuna maana ya ndugu wa kiume wa tumbo moja au wa baba mmoja. Lakini kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu vilevile, na makarani wa jeshi hawakuwa na nafasi ya kuandika tofauti hiyo. Kwa hiyo ukikuta kwenye karatasi ya zamani askari wawili wametajwa kuwa ndugu, usihitimishe kwamba walizaliwa na mama mmoja mpaka uwaulize wazee wa ukoo. Nimeona familia ikitafuta kaburi la mtu asiye wao kwa sababu ya neno hilo moja.

Keya ni nini?

Ni matamshi ya wazee wetu ya herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Lilichukua vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wake walipigana Somalia, Uhabeshi, Madagascar na Burma, nchi ambayo wazee wengi waliiita Bama. Palikuwa pia na vikosi vingine vya Afrika Mashariki, kama mizinga, madereva, mafundi na matabibu, ambavyo familia nyingi huviita Keya vyote. Tofauti hiyo haina uzito ukisimulia, ila unapotafuta jina ina uzito mkubwa.

Je, kila nishani ni ya ushujaa?

Hapana. Nishani nyingi zilizo nyumbani ni za kampeni: zinaonyesha kwamba mtu alihudumu katika vita fulani, mahali fulani, kipindi fulani. Walipewa wote waliotimiza masharti, walio hai na waliokufa. Nishani za ushujaa ni chache, na kwa waliokufa zilikuwa chache zaidi kwa sababu iliyoelezwa katika swali la nishani za ushujaa hapo chini. Hilo halipunguzi thamani ya kilicho mkononi mwako. Nyota ya kampeni inasema alikuwapo, na kwa familia isiyo na kaburi, kujua kwamba alikuwapo si jambo dogo.

## Kutambua kilichomo kashani

Tuna nyota yenye pembe sita. Ni ya nini?

Nyota zote za Waingereza za Vita vya Pili zina umbo moja: pembe sita, rangi ya shaba, na katikati herufi za Mfalme George wa Sita zenye taji juu yake. Tofauti iko katika maneno yaliyozunguka herufi hizo, na katika utepe.

Kwa askari wetu ni tatu zinazoonekana zaidi. Nyota ya 1939–45 ni ya huduma ya jumla katika maeneo ya vita. Nyota ya Afrika inagusa Afrika Kaskazini na pia mapigano ya Uhabeshi na Somalia. Utepe wake una rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, na pembeni mistari myembamba ya buluu nzito na buluu nyepesi. Nyota ya Burma ina utepe mwekundu katikati, buluu nzito na rangi ya chungwa. Utepe ukiwa umeoza, soma maneno kwenye duara. Hayo hayaozi.

Madagascar haikuwa na nyota yake. Basi kama babu alisimulia Bukini, yaani Madagascar hiyohiyo, na huoni nyota ya Bukini, hakuna kilichoibiwa.

Na hizi za mviringo zenye simba?

Hiyo ni Nishani ya Vita ya 1939–1945. Upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Utepe wake ni mwekundu, mweupe na buluu. Ilitolewa kwa siku 28 tu za utumishi kamili, popote pale, ndiyo maana ipo karibu katika kila kasha. Nishani ya Ulinzi ya wakati huohuo inafanana nayo kwa ukubwa na rangi, lakini utepe wake una rangi ya moto na kingo za kijani.

Kwa nini hakuna jina juu yake? Au tumepewa ya bandia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloniuma zaidi. Serikali ya Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota na nishani za kampeni za Vita vya Pili. Afrika Kusini na India zilichonga za askari wao. Zilizotoka Uingereza zilitoka tupu, hata kwa Waingereza wenyewe. Kwa hiyo nishani isiyo na jina si ya bandia.

Ina maana kwamba jina analo aliyeshika kasha. Mzee wa mwisho anayejua akiondoka kabla hajasema, nyota ya Afrika iliyo kwenu haitofautiani na nyingine elfu zilizoko sokoni. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma hapa, chukua kipande cha karatasi safi, andika kwa penseli jina la marehemu, la baba yake, kijiji, na aliyekuambia, kisha kiweke pamoja na nishani leo hii.

Nishani za Vita vya Kwanza nazo?

Hizo zina majina. Tazama ukingo, yaani ule upana mwembamba unaouzunguka mduara. Utakuta namba, cheo, jina na kikosi vimepigwa kwa herufi ndogo. Nishani ya Vita ya Uingereza ni ya fedha, ina mtu aliye uchi juu ya farasi, na utepe wenye rangi ya chungwa katikati. Nishani ya Ushindi ina rangi ya shaba, umbo lenye mabawa, na utepe kama upinde wa mvua. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni. Usisugue ili usome, maana herufi zenyewe ndizo zitakazoondoka.

Tuna sahani ya shaba yenye mwanamke, simba na jina. Ni ya kuchezea pesa?

La. Ni sahani ya ukumbusho ya Vita vya Kwanza, yenye upana wa sentimita 12 hivi, iliyopelekwa kwa familia ya aliyekufa. Mchoro ni wa Edward Carter Preston, aliyeshinda shindano mwaka 1918. Ziliundwa zaidi ya milioni 1. Mwanamke ni Britannia, anayewakilisha Uingereza, na maneno ya kuizunguka yanasema kwamba alikufa kwa ajili ya uhuru na heshima.

Jina limeandikwa bila cheo, kwa makusudi, ili jenerali na askari wa kawaida wawe sawa. Ni wazo zuri, lakini lina taabu yake kwa ndugu. Mjini Lincoln, Uingereza, familia ya Beechey ilipeleka vijana wanane vitani na watano wakafa. Sahani kama hizo hutofautishwa kwa jina la kwanza tu. Kama yako ilikuja na hati ya karatasi, usiitenganishe na sahani.

Tuna kibati cha shingoni, na kingine tunaambiwa ni kipande. Vinasaidia?

Vinasaidia kuliko nishani! Askari wa Uingereza alivaa vidani viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa: cha kijani chenye pembe nane, kilichobaki na mwili, na chekundu cha mviringo, kilichotolewa kwenda kuripoti kifo. Juu yake kuna namba ya jeshi, na namba ndiyo ufunguo wa kila daftari.

Kipande ni kitu kingine. Ni hati ya usajili ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilichukiwa, na kwa haki. Lakini leo huenda ndiyo karatasi pekee yenye jina la mzee, la baba yake na kijiji chake kwa wakati mmoja.

Tunajua walikufa vitani, lakini nyumbani hakuna nishani hata moja. Kwa nini?

Sababu ni nyingi. Baadhi hazikuombwa, kwa kuwa baada ya Vita vya Pili nishani nyingi zilitolewa kwa aliyezidai, na mjane wa kijijini hakujua kwamba kuna cha kudai. Baadhi za fedha ziliyeyushwa zikawa bangili. Nyingine ziliuzwa mwaka wa njaa, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kenya ina sababu yake zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau, kukutwa na nishani ya Mwingereza kungeweza kukugharimu, na wazee kadhaa walizitupa au kuziharibu wenyewe. Novemba 2023, Mfalme Charles alipofika makaburi ya Kariokor, Nairobi, wakongwe wanne wa Vita vya Pili walikabidhiwa nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Hao walikuwa hai kuzipokea. Waliokufa, ndugu zao ndio wanaopaswa kuuliza. Soma sehemu ya kudai.

## Kutafuta majina

Tuanzie wapi?

Kwa wazee, kabla ya kompyuta. Uliza majina yote: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, la baba, na la jumbe au chifu wa wakati ule. Uliza aliondoka msimu gani, na habari ya kifo ililetwa na nani.

Kisha nenda kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Kila jina lina namba, kikosi, tarehe na mahali pa kaburi au ukuta, na ukilipata unaweza kuchapisha cheti cha ukumbusho, nacho ni bure. Nimeona cheti hicho kimewekwa kwenye fremu sebuleni karibu na picha za harusi, na ndipo mahali pake.

Baada ya hapo kuna nyaraka: Nyaraka za Taifa za Kenya jijini Nairobi, Nyaraka za Taifa za Tanzania jijini Dar es Salaam, na zile za Uingereza zilizoko Kew, London, zenye shajara za vikosi. Shajara hazitaji askari wa kawaida mara nyingi, ila zitakuambia kikosi kilikuwa wapi siku aliyokufa.

Tumetafuta jina, halipo.

Litafute lilivyosikika kwa karani Mwingereza aliyekuwa na haraka. R na L hubadilishana, H huanguka, Ng' huwa N, na jina la baba huwa la ukoo. Mohamedi ana tahajia kumi. Jaribu jina la baba peke yake, jaribu kijiji, jaribu kikosi na mwezi. Maelezo ya ziada ya Vita vya Pili mara nyingi hutaja baba na wilaya, na hapo ndipo ndugu wawili hujitokeza: namba mbili tofauti, baba mmoja, kijiji kimoja.

Ukiwa na ushahidi kwamba mtu wenu aliachwa, Tume hupokea maombi ya kuongeza majina. Ni kazi ya subira.

Mmoja ana kaburi lenye jiwe, mwingine jina lake liko ukutani tu. Kwa nini?

Ukuta ni wa wale ambao miili yao haikupatikana au haikutambuliwa. Waliopotea Burma wako kwenye ukuta wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Kwa Afrika Mashariki kuna ukuta wa ukumbusho ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Jina la ukutani si la daraja la chini kuliko la jiwe.

Kwa Vita vya Kwanza, hata hivyo, daraja lilikuwapo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao Wazungu, na kwamba angalau 116,000, labda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali palipobeba sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Kama hulioni jina la babu mkubwa wa 1917, si kwamba umetafuta vibaya.

Babu zetu walikuwa wapagazi, si askari. Wanahesabika?

Wanahesabika, na kwa maoni yangu ndio wa kwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimechukua jina la kikosi chao. Waliobeba chakula na risasi kwa Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi haikuwafikia wa nyumbani kwa sababu hakuna aliyeandika vizuri walikotoka.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, na wenzake wa Nairobi na Mombasa, zina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao hayapo. Huko Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita vya Kwanza bila kaburi linalojulikana. Majina hayo yalitafutwa kwenye nyaraka moja baada ya jingine, baada ya miaka mia. Kumbe inawezekana.

Tarehe ya kifo ni 12 Februari 1944, na hakuna kaburi. Alifia wapi?

Karibu hakika alikuwa ndani ya meli Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na karibu na visiwa vya Maldives ikapigwa na nyambizi ya Wajapani I-27. Ilizama chini ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wengi walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Manowari za msafara ziliizamisha nyambizi hiyo siku ileile.

Kaka mdogo wa bibi yangu alikuwa humo. Nyumbani waliambiwa "amefia majini", na kwa miaka mingi walidhani ni Ziwa Nyasa, kwa kuwa ndiyo maji makubwa waliyoyajua.

Aliyezama njiani hakuwahi kuingia Burma, hivyo usishangae kasha lake likikosa Nyota ya Burma. Ukoo wenu ukiwa na vijana wawili wenye tarehe hiyo moja, watafute wote pamoja, kwa maana jeshi halikukataza ndugu kupanda meli moja.

## Kudai na kuthibitisha

Tunaweza kudai nishani leo, baada ya miaka themanini?

Za Vita vya Pili, ndiyo, kama hazikuwahi kutolewa. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina ofisi ya nishani inayopokea maombi ya mrithi wa karibu. Watataka namba ya jeshi, jina kamili, kikosi, uthibitisho wa kifo na wa undugu wako naye. Hati ya kiapo mbele ya wakili na barua ya serikali ya kijiji au mtaa husaidia pale vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Ndugu wawili ni maombi mawili. Usiyachanganye katika fomu moja, la sivyo mmoja atamezwa na mwenzake.

Usimlipe mtu anayekuahidi kwamba pamoja na nishani kuna fidia inayokusubiri London. Wamekuja wengi vijijini na hadithi hiyo, na wameondoka na pesa za wazee.

Alikufa kishujaa, wenzake walisimulia. Mbona hakupewa nishani ya ushujaa?

Kwa sababu sheria haikuruhusu. Hadi mwaka 1979, katika jeshi la Uingereza aliyekufa kwa ushujaa mbele ya adui angeweza kupewa vitu viwili tu: Victoria Cross, iliyo ya juu kabisa, au kutajwa katika taarifa za vita. Nishani za katikati, ikiwamo ile ya kijeshi iliyotolewa kwa askari wa kawaida, zilikuwa za walio hai. Ndugu wawili wangeweza kufanya tendo moja siku moja, aliyenusurika akapewa na aliyekufa akakosa.

Sajini Nigel Leakey wa Keya, kikosi cha 6 cha Tanganyika, aliuawa Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, akapewa Victoria Cross. Kwa hiyo mlango ulikuwapo, lakini ulikuwa mwembamba mno. Ukiona jani dogo la shaba limebandikwa kwenye utepe wa Nishani ya Vita, usilivue ukidhani ni pambo. Ni alama ya kutajwa katika taarifa.

Kaka mmoja alikufa kwa homa kambini mwaka 1946, vita vimekwisha. Anahesabiwa?

Anahesabiwa. Tume huhesabu vifo vya askari waliokuwa kazini tangu 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, na kwa Vita vya Kwanza tangu 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, hata kama ni ugonjwa au ajali ya lori. Tena kwa nyota za kampeni, muda uliohitajika ulisamehewa pale huduma ilipokatizwa na kifo kilichotokana na utumishi. Kijana aliyekufa wiki ya kwanza uwanjani hakukosa nyota kwa kukosa siku.

## Kutunza, kurithi, kutoa

Tuzisafishe kwa kutumia nini?

Kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Si majivu, si ndimu, si dawa ya kung'arishia shaba. Weusi ule wa fedha ni ngozi yake. Usizihifadhi katika mfuko wa nailoni, hasa pwani, kwa sababu unyevu hunaswa humo na utepe huota ukungu. Zifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba kisicho na rangi, uweke mahali pakavu.

Utepe uliochakaa usiutupe ukinunua mpya. Nimeshika utepe wenye fundo ambalo mama wa marehemu alilifunga mwenyewe, na hakuna duka linalouza fundo hilo.

Nani arithi nishani za ndugu wawili waliokufa bila watoto?

Hapa pana magomvi. Wengine husema ni za nyumba ya mkubwa, wengine za mtoto aliyepewa jina la marehemu, wengine za ukoo wa mjane hata kama aliolewa tena. Sheria za mirathi za dini na za kimila hutofautiana, nami siwezi kukuamulia. Nitasema lile ninaloliamini: msizitenganishe. Ndugu waliotenganishwa na vita wakae kasha moja. Mteueni mtunzaji mmoja, mumwandikie karatasi mbele ya mashahidi kwamba anatunza kwa niaba ya wote, na kila tawi la ukoo lipate picha nzuri ya pande zote mbili.

Tumeombwa tuziazime kwa maonyesho.

Azimeni kwa maandishi: nini, hali yake, hadi lini, nani amepokea. Sisi tuliiazima picha ya studio ya kaka mkubwa kwa taasisi moja, kwa kupeana mikono tu. Aliyepokea alihamishwa, picha haikurudi, na ndiyo picha pekee iliyopata kuwapo. Sasa tuna nakala ya nakala, uso umefifia.

Tukiziuza tutapata kiasi gani?

Nyota na Nishani za Vita za Vita vya Pili zisizo na jina ni nyingi mno duniani, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Zenye jina la Keya za Vita vya Kwanza huwavutia wakusanyaji zaidi, na ndizo huondoka nchini kimyakimya. Mwenye shida ana haki ya kuuza chake. Ila piga picha ukingo kwanza.

Mjukuu anaweza kuzivaa siku ya kumbukumbu?

Anaweza. Desturi ya Waingereza ni kwamba mwenyewe huvaa kifua cha kushoto na ndugu wa marehemu cha kulia, ili ijulikane si zake. Wengi hufuata hivyo Novemba kwenye makaburi ya vita. Mnaweza pia kuzibeba mkononi juu ya kitambaa, hakuna atakayewalaumu.

## Mambo magumu

Ndugu mmoja alikuwa upande wa Wajerumani, mwingine upande wa Keya. Tuwakumbuke pamoja?

Kwa Tanganyika ya 1914 hadi 1918 hili si ajabu. Wapo hata waliopigana pande zote mbili: kikosi cha 6 cha Keya kiliundwa upya mwaka 1917 kwa kuchukua askari waliokuwa wa Wajerumani. Vita haikuwa yao, waliikuta mlangoni. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliosalia malimbikizo yao, na inasimuliwa kwamba huko Mwanza wasiokuwa na hati walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani watende kama wameshika bunduki, nao wakatenda. Kwa waliokufa hakukuwa na ufagio. Waandikeni kwenye karatasi moja.

Vita vya Kagera vimo?

Kwa kifupi tu: kwa ndugu waliokufa 1978 hadi 1979, anzieni Makao Makuu ya JWTZ, si Uingereza. Mashujaa wengi wamelala Kaboya, mkoani Kagera, na kumbukumbu ya taifa ni 25 Julai.

Nchi nyingine zilizifanyia nini familia zilizopoteza ndugu kadhaa?

Kanada ilianzisha msalaba wa fedha mwaka 1919, uliopewa mama na mjane wa marehemu, si marehemu. Marekani, ndugu watano wa Sullivan walikufa katika manowari Juneau mwezi Novemba 1942, na meli ya kivita ikapewa jina lao mwaka uliofuata. Baadaye sheria ikaanza kumlinda mtoto pekee aliyesalia. Kwetu hakukuwa na kitu cha mama. Bibi alisema mama yao alipewa pesa kidogo kwa Bwana DC, akaweka alama ya dole gumba, akarudi nyumbani kwa miguu.

Hatuna nishani, hatuna jina kwenye orodha, hatuna kaburi. Tufanye nini?

Mila zetu zilijua kuzika bila mwili kabla ya kuwapo tume yoyote. Waluo huzika tunda la mwegea mahali pa aliyepotea. Waislamu husoma hitima. Wengi humpa mtoto jina, na jina hilo ni ukumbusho unaotembea. Tafuteni nani katika ukoo anaitwa nani, na kwa sababu gani. Mkiamua kutengeneza nakala ya nishani ambayo marehemu alistahili, iandikeni nyuma kwamba ni nakala, na mwaka, ili vitukuu wasije wakadanganyika.

Nishani mbili zinafanana kabisa. Tutajuaje ipi ni ya nani?

Kwanza fuata tarehe. Aliyekufa Uhabeshi 1941 hawezi kuwa na Nyota ya Burma. Aliyeingia jeshini baada ya Mei 1943 hawezi kuwa na ile ya Afrika, kwa kuwa muda wake ulifungwa mwezi huo. Kwa njia hiyo tulijua nyota yetu ni ya kaka mkubwa. Kisha tafuta karatasi, bahasha, hata alama ya kutu kwenye kitambaa.

Zilibaki zile mbili za simba, na hapo hakuna mtaalamu anayeweza kusema. Nilimpelekea Bibi mkekani, wakati huo macho yamekwisha. Alizipapasa ukingoni, moja baada ya nyingine, akapata yenye kibonyo kidogo. Akasema hii ni ya mkubwa, kwa sababu mama yao aliiangusha kwenye jiwe la kusagia siku ilipoletwa. Tumeifunga uzi mwekundu, na kwenye karatasi tumeandika: kwa neno la Bibi.